Fisi Aliyembeba Mwanawe

Asubuhi ya Alhamisi Bi Chumvi alipanda ngazi kutoka chumba cha chini cha makumbusho, brashi ya vumbi mkononi, akamkuta popo wake amesimama wima.

Amesimama kabisa, kichwa juu, mabawa yamekunjwa kifuani, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Siku mbili nzima Bi Chumvi alikuwa amehangaika kumning'iniza yule popo kwa kucha zake mwenyewe kwenye tawi kavu, bila uzi wala gundi kuonekana. Sasa mtu alikuwa amelitoa tawi, akaligeuza, akalipigilia misumari sakafuni.

"Nani kampindua popo?"

Karani wa mkurugenzi, binti aliyekuwa akipanga viti vya wageni wa Jumamosi, alijibu bila kumtazama. "Ni mkurugenzi, Bi Chumvi. Kasema ulimweka miguu juu kichwa chini, watu wangedhani tumekosea."

"Kwani popo analala vipi, mwanangu?"

"Mimi nitajuaje? Usiku akiwa anahangaika yeye, mimi nimelala."

Bi Chumvi alicheka kwa pua. Aliyemjua angejua kwamba hapo hapakuwa na furaha yoyote.

Chumvi lilikuwa jina la kazi. Mnyama akifa alipelekwa kwake chini, naye akamchuna, akaipaka ngozi chumvi na shabu isioze, akaivisha juu ya kiunzi cha waya na plasta, akatia macho ya kioo, na mnyama akarudi kuwa mnyama ila hali wala haumi. Magunia ya chumvi yaliingia kwa mlango wa nyuma kwa wingi hata mlinzi mpya akauliza kantini iko wapi. Watu wengine hutia chumvi maneno. Yeye alitia ngozi tu, maneno aliyaacha yalivyo, na ndiyo maana wengi pale makumbusho waliona hayaliki.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, thelathini na miwili kati ya hiyo akiwa chini ya ngazi zile zile. Aliingia akiwa mfagiaji. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kukausha wanyama alimwona siku moja anamrudishia kakakuona gamba lililodondoka, gamba la mahali pake hasa, akamwambia aweke ufagio chini aje ashike koleo. Mzee alishafariki zamani. Aliacha visu vyake, meza yake, na wazo moja: kwamba pale juu pawe na chumba cha wanyama ambao binadamu wamewasingizia.

Kwa miaka miwili Bi Chumvi alikijaza chumba hicho. Alimweka bundi, anayefukuzwa kwa mawe eti anabisha hodi kwa niaba ya kifo, wakati anachotafuta juu ya paa ni panya. Alimweka kinyonga, ambaye watu wazima wenye ndevu humkimbia ilhali hana sumu hata tone. Alimweka mjusi kafiri, ambaye mpaka leo hakuna aliyeeleza amekataa dini ya nani. Na alimweka dodo, ndege aliyekwisha duniani, kwa plasta na manyoya ya bata bukini, kwa kuwa wa kweli hapatikani tena. Karani aliposoma kibao chake aliuliza, "Kumbe dodo si embe tu?" Bi Chumvi alimweleza. Lilikuwa dege zito lisiloruka, liliishi kisiwani bila adui, na mabaharia waliposhuka likawasogelea liwatazame. Wakalipiga marungu. Nguruwe na panya waliokuja nao wakamalizia mayai. Ndege wote walipokwisha, wenye marungu wakasema lilikuwa pumbavu.

"Unaona?" Bi Chumvi alimwambia. "Ukimaliza kumuua mtu, unamtafutia na jina."

Mzee alikuwa ameshachagua jina la chumba: Wanyama Wasioeleweka. Mkurugenzi, mwenye miezi minane tu pale na aliyewahi kutangaza sabuni kabla ya kutangaza wanyama, alilifuta. Juu ya mlango sasa paliandikwa VIUMBE VYA KUTISHA, kwa herufi nyekundu zinazochuruzika. Watu walimwambia Bi Chumvi avumilie, hasira hasara. Alikubali kwamba ni hasara. Ila upole nao alishaujaribu maishani, na hasara yake aliijua vizuri zaidi.

Alimwacha popo na misumari yake, akaenda mpaka kabati la mwisho, lile kubwa la kioo, ambalo alikuwa hajaliona tangu wanyama wawekewe vibao jana yake jioni.

Humo mlikuwa na fisi. Kati ya wanyama wote mia mbili na kitu waliopita mikononi mwake, huyu ndiye aliyemfanya akubali kwamba kazi anaijua. Alikuwa anatembea, mguu mmoja wa mbele umeinuka, masikio yamegeukia nyuma kusikiliza kinachomfuata, na mdomoni ameshika mtoto wake mdogo mweusi kwa ngozi ya shingo. Mtoto alilegea, macho wazi, kama watoto wanavyolegea wanapojua wameshikwa na nani.

Kibao chake kilikuwa cha bati jeupe, herufi nyeusi.

FISI DUME AKIMLA MTOTO WAKE.

Bi Chumvi alikisoma mara moja. Hakuhitaji mara ya pili. Brashi ilimtoka mkononi.

"Njoo hapa," alimwambia karani. "Nilikupa karatasi. Niliandika nini?"

"Uliandika 'Fisi jike akimlea mtoto wake.'"

"Basi hii imetoka wapi?"

Binti alivuta pumzi. "Mimi nilichapa vile vile ulivyoandika, haki ya nani. Mkurugenzi ndiye kabadilisha. Kasema huyu si jike, amejionea mwenyewe kule nyuma. Halafu akasema kama ni dume, dume halei, kwa hiyo utakuwa ulikosea tu herufi. Akaifuta E."

"Alijionea nini kule nyuma?"

"Bi Chumvi jamani, usinisemeshe."

Alichojionea mkurugenzi ndicho ambacho watu wamejionea tangu fisi na watu waanze kupishana njiani. Fisi madoa jike ni mkubwa kuliko dume, ndiye kiongozi wa kundi, na maumbile yake ya nje yanafanana na ya dume kiasi cha kumdanganya mtazamaji. Kwa ajili hiyo amesemwa kila kitu. Huntha, mwenye jinsia mbili. Mwaka huu mume, mwaka ujao mke. Mnyama wa kupandwa na wachawi. Bi Chumvi alikuwa amemtengeneza kama alivyozaliwa, hakuongeza wala hakupunguza. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mkurugenzi alikuwa ameandikiwa maana kwenye karatasi na bado akaifuta.

Na kwamba fisi alikuwa amembeba mwanawe si jambo la kukisia. Dereva wa lori aliwagonga wote wawili barabara kuu, mchana kweupe, fisi akivuka kuhamisha mwanawe kutoka pango moja kwenda jingine. Aliwaleta wamefungwa katika turubai. "Mama, nimekuletea mchawi na chakula chake," alisema huku anacheka. Bi Chumvi alimchuna mtoto yeye mwenyewe. Aliigeuza ngozi ya shingo upande wa ndani, akaishika mbele ya taa, akaipitia kwa kidole, inchi kwa inchi. Yale mataya yanavunja mfupa wa paja la ng'ombe. Kwenye ile ngozi, laini kama kitambaa cha leso, hapakuwa na tundu hata la sindano.

Siku ile alikaa kwenye kigoda chake na ngozi mapajani mpaka chai ikapoa. Sababu aliijua mwenyewe. Pale makumbusho hakuwahi kumwambia mtu.

Miaka thelathini na miwili nyuma alikuwa ameolewa, na nyumbani kwa wakwe walimwita jikedume. Lilianza kama utani, kwa kuwa alipanda juu ya paa kuziba mabati yaliyovuja na kubeba gunia begani bila kuita mwanamume. Alipata mtoto wa kiume. Mtoto alipofikisha mwaka na miezi minne alishikwa na homa. Mume alikuwa kazini mbali. Mama mkwe alisema mtoto wa watu hatolewi nyumbani bila baba yake kujua, ngoja arudi. Bi Chumvi, ambaye siku hizo alitaka sana kuonekana mke mpole, alingoja. Alingoja asubuhi nzima. Saa nane mtoto alipoanza kukodoa macho alimfunga mgongoni na kutoka bila kuaga, akatembea, akakimbia, akatembea, mpaka hospitali. Walimweka kwenye benchi la foleni. Kabla ya zamu yao kufika, mgongo wake ulikuwa umeshahisi kwamba mtoto hapumui tena.

Aliporudi nao ule mzigo mwepesi, wifi yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakumpokea. Alisema kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya tatu:

"Jikedume limemla mtoto wake."

Kila mtu anajua maana ya kumla mtu. Hapo hapatajwi meno, unatajwa uchawi. Neno lile lilizunguka mtaa mzima kabla ya kaburi kuchimbwa, na msibani mkeka alioukalia haukukaliwa na mtu mwingine. Akutukanaye hakuchagulii tusi, alijiambia, na akameza. Wiki ya tatu alichukua nguo zake akaondoka, na mwezi uliofuata akapata ufagio pale makumbusho. Hilo ndilo alilokuwa amelimeza kwa miaka thelathini na miwili, na sasa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, juu ya bati, chini ya kazi ya mikono yake, ili watoto wa shule waje walisome kwa sauti.

Aliingia ofisini bila kubisha.

"Mkurugenzi, kile kibao kirudi kilivyokuwa."

Mkurugenzi alikuwa kijana nadhifu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kutabasamu kabla ya kukataa. "Kaa kwanza, Bi Chumvi."

"Sikai. Yule ni jike, na anamlea. Ushahidi ninao chini, ngozi ilipigwa picha."

"Nakuamini."

Hilo Bi Chumvi hakulitegemea.

"Nakuamini kabisa," mkurugenzi alirudia. "Lakini nani atatoka nyumbani kwake siku ya mapumziko kuja kuangalia malezi? Malezi wanayo nyumbani. Dume linakula mtoto wake, hapo mtu atasimama. Atapiga picha. Ataleta na wenzake."

"Hata kama ni uongo?"

"Ni fisi, Bi Chumvi. Fisi hatatushtaki."

Alikuwa anajua! Bi Chumvi alikuwa ameingia ofisini akidhani anakuja kumwelimisha mjinga, na ujinga husameheka. Kumbe amesimama mbele ya mtu anayeijua kweli na kuikunja kama karatasi ya kufungia maandazi. Damu ilimpanda mpaka masikio yakawa yanavuma.

"Tena," mkurugenzi aliendelea, akidhani mama ameshalainika, "kama hilo la jike linakuuma sana, tunaweza kusikilizana. Shuka na kisu chako ukikate kile kitu. Dakika mbili. Ataonekana jike kwa kila mtu na mimi nitabadilisha neno moja. Ila 'akimla' inabaki."

"Nikikate."

"Kidogo tu. Ili aeleweke."

"Anza na chako," alisema Bi Chumvi. "Tuone kama utaeleweka."

Nje ya mlango karani alidondosha faili zima. Mkurugenzi aliacha kutabasamu. Alisema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba Jumamosi mama abaki chini asionekane na wageni, na kwamba Jumatatu akabidhi funguo za makabati yote, akapumzike nyumbani mpaka siku ya kustaafu ifike.

Jumamosi alibaki chini. Alikuwa na bundi mwingine mezani, ngozi mbichi, na ngozi mbichi haimngoji mtu amalize hasira zake. Alifanya kazi. Juu ya kichwa chake miguu iliingia, kwanza michache, kisha mingi, viatu vidogo vya shule vikikimbia na viatu vikubwa vikifuata. Alisikia kipaza sauti kikikohoa. Alimsikia mkurugenzi akimkaribisha mgeni rasmi, kisha akiwapitisha watu kabati kwa kabati. Kwa bundi walisema "Mmh!" Kwa popo aliyesimama hawakusema kitu. Dodo walimcheka, na kicheko kile kilimkera, lakini aliendelea kukwangua.

Kisha kikaja kimya cha kutengenezwa, na sauti ya mkurugenzi ikashuka kupitia dari:

"Na huyu, wapendwa wageni... ndiye mzazi anayekula mwanawe!"

Watu wakapiga ukelele wa raha. Mtoto mmoja, kwa sauti nyembamba ya anayejifunza kusoma, akaanza: "Fi-si du-me a-ki-mla..."

Bi Chumvi aliweka kisu chini. Alichukua kopo la rangi nyeusi, ile ya kupakia pua za wanyama, na brashi yake nyembamba. Aproni hakuivua. Alipanda.

Watu walimpisha, kwa harufu ya shabu kama si kwa heshima. Hakumsukuma mtu wala hakuomba radhi. Alifungua kabati kwa ufunguo wake, akapiga magoti mbele ya bati. Neno DUME alilikata kwa mstari mmoja, na kwenye nafasi nyeupe juu yake akaandika JIKE, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akaweka ncha ya brashi kati ya L na A za AKIMLA.

"Bi Chumvi! Unafanya nini?" mkurugenzi aliita kutoka nyuma ya wageni.

"Nasahihisha."

"Toka hapo. Sasa hivi!"

Hakutoka. Alivuta mstari wa E ulioteremka, akavuta kijistari cha juu. Mgeni rasmi, mzee wa miwani minene, aliinama kutazama. Alimwuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Mama, unasema huyu ni jike?"

"Jike. Ukitaka kujua kwa nini anaonekana vile nitakueleza, haina aibu. Na huyu mtoto hakuliwa. Nimemchuna mimi. Ngozi ya shingo haina tundu. Anayekula hatumii mdomo hivyo."

Alivuta kijistari cha kati. Mkurugenzi alikuwa ameshafika, amesimama juu yake, kipaza sauti mkononi, tabasamu limerudi kwa ajili ya kamera za wageni. Aliwageukia watu.

"Mama yetu huyu ni fundi hodari, na ana huruma sana na fisi," alisema, na baadhi wakacheka. "Lakini jamani, tuseme kweli. Alikutwa na mtoto mdomoni. Mtoto amekufa. Tunataka ushahidi gani tena?"

Akamsogezea kipaza sauti, kwa mzaha, kama anavyosogezewa mtoto atakayeshindwa kujibu.

"Alikuwa anambeba," alisema Bi Chumvi.

"Unajuaje?"

"Alikuwa anambeba! Alikuwa anamtoa mahali pabaya anampeleka pazuri. Alichelewa, ndiyo. Alichelewa kwa sababu aliambiwa angoje. Lakini alimbeba njia nzima, alikimbia naye, na mtoto alikuwa na homa, na walimweka kwenye benchi..." Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni pake, na lililofuata alilisema kwa hasira ile ile, bila chozi, akimtazama mkurugenzi usoni kana kwamba ni mtu mwingine kabisa aliyesimama kwenye mlango mwingine.

"Nilikuwa nambeba. Sikumla."

Sauti ilitoka kwenye spika zote, za ukumbini na za uani. Mkurugenzi aliteremsha mkono wake polepole. Mgeni rasmi alivua miwani.

Bi Chumvi aligeukia bati. E ilikuwa bado haijatimia. Aliichovya brashi, akavuta kijistari cha chini, akakipuliza kikauke. Kisha alifunga kabati, na ufunguo akautia mfukoni mwake.